Ugomvi wa Hita na Elimu ya Korido

Mwaka 1984 nyumba yetu ya Magomeni Mwembechai iligawanyika pande mbili kwa ajili ya hita. Nasema ile ya kuchemshia maji ya kuoga: unaitumbukiza kwenye ndoo, unachomeka, unasubiri, na unaomba Mungu usisahau kuichomoa kabla ya kutia mkono. Kila ikifika saa mbili usiku taa ya korido ilififia, ikakaa hivyo kama robo saa, kisha ikarudi kung'aa. Watu wazima wote walijua maana yake. Kuna chumba kina hita, na mwenye hita hakuitaja siku ya kugawana bili.

Mita ilikuwa moja, vyumba sita. LUKU, ile mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, ilikuwa bado haijazaliwa, ilikuja miaka ya tisini. Bili ililetwa kwa mwezi, na aliyeigawa ni bibi mwenye nyumba, aliyekaa chumba cha mbele kulia na kutunza kaunta buku. Taa ni hisa moja, redio nusu, pasi ya umeme hisa mbili. Friji lilikuwa moja tu, la bibi mwenyewe, la kuuzia barafu za ukwaju, na kwa haki yake lazima nikiri kwamba alijitoza hisa nne bila kuombwa. Hita haikuwamo kwenye buku. Mama yangu alimshuku mama wa chumba cha nne. Mama wa chumba cha nne alimshuku mama yangu. Wiki sita walipishana kwenye korido ile nyembamba bila salamu, na kupishana bila salamu kwenye korido kama ile ni kazi. Lazima mmoja ageukie ukuta.

Nimeanza na hita makusudi. Tuliokulia nyumba za kupanga tukikutana siku hizi, iwe harusini au msibani, hazipiti dakika kumi kabla mtu hajasema, "Zamani tulikuwa tunapendana." Wenzake wataitikia. Atatajwa jirani aliyekuchapa na kisha kukupa chai, itatajwa chumvi ya kuazima, watatajwa watoto waliolala chumba chochote usingizi ulipowakutia. Sibishi. Nimekula kwenye sinia za vyumba vyote sita. Ila naona tunakumbuka kitu cha kweli na kukipa jina la kukopa. Wale watu hawakupendana kutushinda sisi. Walichotushinda ni kugombana: walijua kuanzisha ugomvi, kuulea, kuufikisha kwa mtu wa tatu, na kuumaliza bila mtu kuhama. Huo ni ujuzi, na ujuzi hupotea mahali pa kuutumia pakiondoka.

Kwa waliozaliwa kwenye mageti, nyumba yenyewe ilikuwa hivi. Mbele baraza ya saruji. Unaingia mlango mkuu, korido inakatiza nyumba hadi uani, kulia vyumba vitatu, kushoto vitatu. Uani kuna jiko, bafu, choo cha shimo, bomba moja, na kamba za kuanikia nguo ambazo nazo zilikuwa na mipaka, ingawa mgeni asingeiona. Ndiyo "nyumba ya Kiswahili" iliyojaa Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa ajili ya Waafrika na serikali za kikoloni, Wajerumani wakianza na Waingereza wakiendeleza. Muundo ule ulikuwa wa ukoo: babu mbele, wana na wake zao pembeni, uani ni pa wanawake. Lakini mji ulikuwa unavuta watu. Sensa ya 1978 ilihesabu Dar es Salaam watu laki nane na ushee. Miaka kumi baadaye, 1988, walikuwa wamepita milioni moja na laki tatu. Watu hao walikuwa makuli wa bandarini, vijana wa reli, wa viwanda vya Barabara ya Pugu, na walihitaji chumba kimoja kimoja. Nyumba ya ukoo ikageuka nyumba ya wapangaji, na mjane aliyeachiwa nyumba akawa na pensheni ya vyumba vitano.

Hapo ndipo penye siri, kwa maoni yangu, na ni siri ya kawaida sana: mwenye nyumba alikaa humo humo. Bibi yetu alikunywa maji ya bomba lile lile, alipanga foleni ya choo (akiwa na haki ya kuruka foleni akikohoa mara mbili), na choo kikijaa kilimjaa naye. Leo mpangaji huonana na dalali, akalipa kodi ya miezi sita na mwezi mmoja wa dalali juu yake, na mwenye nyumba ni namba ya simu iliyo Goba au Muscat. Huwezi kugombana na namba. Unaweza kuhama tu.

Turudi kwenye hita. Baba yangu alifanya kazi Urafiki, kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa 1968, mwendo wa miguu kutoka kwetu ukifuata Barabara ya Morogoro. Alikuwa idara ya kuchapa kanga. Alirudi na rangi kwenye kucha isiyotoka kwa sabuni wala kwa ndimu, na sisi watoto tuliweza kubahatisha rangi za toleo jipya kwa kumtazama vidole akila. Wanaume wa idara ile walichapa maneno siku nzima bila kuyajali. Maneno yakaenda madukani, yakazunguka, yakarudi korido yetu kiunoni mwa wake zao, yakiwa na shabaha.

Wiki ya pili ya ugomvi mama alitoka uani na kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu." Hakusema kitu. Alifua, akaanika, maandishi yakitazama mlango wa chumba cha nne. Siku nne baadaye mama wa chumba cha nne akapita na ndoo kichwani, kiunoni "Mwenye kelele hana neno." Kumbuka hii ni miaka ambayo doti ya kanga haikupatikana kwa kutaka. Tulikula unga wa njano wa msaada tuliouita unga wa Yanga, sukari na sabuni vilikuwa vya foleni, na kanga ikifika dukani majina yalishaandikwa tangu jana. Kwa hiyo kijembe kilikuwa na gharama yake. Mtu hakurusha kwa kila jambo.

Nimekuja kuiheshimu njia ile baada ya kuona mbadala wake. Kanga inasema na haisemi. Aliyelengwa anaweza kuamua kwamba hakulengwa, na heshima yake ikabaki. Aliyerusha hawezi kupelekwa mahali popote kushtakiwa kwa nguo aliyovaa. Na nyumba nzima imesoma, kwa hiyo kuna mashahidi bila kesi kufunguliwa. Linganisha na ujumbe wa sauti wa dakika tatu unaotumwa saa tano usiku na mtu aliyekasirika, ukahifadhiwa, ukasambazwa, ukasikilizwa na shemeji aliyeko Mwanza.

Kulikuwa na kipimo kingine. Mama ni Mzaramo wa Kisarawe, mama wa chumba cha nne Mnyamwezi wa Tabora, na hao ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi kushuka pwani. Siku za kawaida walitukanana kutoka alfajiri. Mmoja akiunguza maharage, mwingine atauliza kama huko kwao moto umefika juzi. Mtani hakasiriki, akikasirika, utani umevunjwa, na hapo ndipo watu huanza kuogopa. Ndiyo maana sisi watoto hatukuhitaji kuambiwa kwamba mambo ni mazito. Asubuhi zilikuwa kimya. Nyumba yenye Mzaramo na Mnyamwezi kimya ni nyumba inayougua.

Bibi mwenye nyumba hakufanya upelelezi. Angeweza kufungua vyumba akakagua, na nusu ya wapangaji walimtaka afanye hivyo. Badala yake, mwisho wa mwezi alitandika mkeka uani, akafungua kaunta buku, akaandika mstari mpya alioupa jina mwenyewe: hisa ya giza. Kila chumba, pamoja na chake, kitaongeza nusu hisa mpaka taa iache kufifia. Kelele zikawa nyingi. Kijana wa bandarini wa chumba cha sita alisema huo ni uonevu, yeye hana hata pasi. Bibi akamjibu kwamba giza analitumia naye. Mwezi uliofuata taa ikaacha kufifia, mstari ukafutwa, na hakuna aliyejulikana.

Nimeyasoma maneno mengi ya wataalamu kuhusu utawala bora na bado naona uamuzi ule una akili kuliko mengi yake. Ulimpa mkosaji njia ya kuacha bila kuaibika. Uliwapa wengine sababu ya kumbana bila kumjua. Na haukuhitaji kuvunja mlango.

Mama zetu wenyewe walipatana baadaye, na hakukuwa na kikao. Usiku mmoja mtoto wa chumba cha nne alishikwa na degedege. Baba yake hayupo, wangu yuko zamu ya usiku. Mama aliamka kwa ukelele, akavuta nguo iliyokuwa karibu, akamfunga mtoto mgongoni, wakatoka wawili hao kutafuta gari barabarani. Nguo yenyewe ilikuwa "Hasidi hana sababu." Walirudi kumekucha, mtoto mzima. Asubuhi bombani nikasikia mama akisema Wanyamwezi wanazaa magunia ya karanga, mgongo umemkatika. Akajibiwa kwamba Wazaramo wamezoea kubeba ngoma, mtu watamwezea wapi. Watu waliokuwa kwenye foleni ya maji wakashusha pumzi. Mwezi haukuisha kabla hawajagombana tena, safari hii zamu ya kufagia korido.

Juu ya bibi alikuwepo mjumbe wa nyumba kumi. TANU iliuanzisha mfumo ule miaka ya sitini, na kwetu mjumbe alikuwa mzee fundi cherehani aliyeamua mambo bila kunyanyua mguu kwenye pedeli. Juu ya mjumbe kulikuwa na kata, ambayo kwa sheria ya 1985 ikapata baraza lake la usuluhishi. Kodi nayo ilikuwa na sheria ya kuidhibiti na mahali pa kulalamikia, hadi sheria hiyo ilipofutwa 2005 na kodi ikawa ni makubaliano ya mwenye chumba na mwenye shida. Sitaki kumpamba mjumbe. Yeye ndiye aliyejua nani kanunua sukari kwa mlanguzi, na 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu walimwogopa kuliko walivyomheshimu. Bila barua yake hupati huduma, na barua zilikuwa na wenyewe. Ninachosema ni kwamba ugomvi ulikuwa na ngazi. Ulijua ukishindwa uani unakwenda wapi.

Sasa niseme ambalo kwenye mazungumzo ya msibani huwa halisemwi.

Korido ilikuwa na mlango mmoja ambao haikuugusa. Mume wa chumba cha pili alimpiga mkewe. Kuta zilikuwa nyembamba, dari haikuwepo, sauti ilipita juu ya ukuta kutoka chumba hadi chumba. Sote tulisikia. Bibi, ambaye aliweza kuigawa nusu hisa ya umeme kwa haki, alikohoa kwa nguvu upande wake ili mwanamume ajue anasikika, na huo ndio ulikuwa mwisho wa mamlaka yake. Ugomvi wa mke na mume usiuingilie, tuliambiwa. Asubuhi wanawake walimpokea yule mama bombani kwa upole wa pekee, wakamwachia nafasi ya mbele kwenye foleni. Nilipokuwa mtoto niliuona upole ule kuwa wema mkubwa. Siku hizi nikiukumbuka nasikia aibu, kwa sababu watu wazima kumi na wawili waliojua kusuluhisha kila kitu walikuwa wamekubaliana kutosuluhisha hicho.

Na nani alifagia korido ile ya zamu? Wasichana. Dada yangu aliamka saa kumi alfajiri kuwahi bomba kabla maji hayajakatika, akajaza ndoo na pipa, kisha akaenda shule kusinzia. Mimi niliamka saa kumi na mbili na kukuta maji. Siku moja nilianza kusimulia jinsi maisha ya uani yalivyokuwa matamu, naye alinitazama akaendelea kuchambua mchele. Faragha pia ilikuwa anasa. Baba na mama walikuwa nyuma ya pazia, sisi mbele ya pazia, na kijana akibalehe aliondoka kwenda kulala stoo au kwa rafiki. Mvua za masika choo kilipanda, na kipindupindu tulikijua kwa jina kabla ya kujua kusoma. Anayetaka kurudi huko aende peke yake.

Kwa hiyo silaumu waliohama, mimi nikiwa mmoja wao. Kila mtu aliyepata njia alitafuta chumba chenye choo chake na mita yake. Ni haki yao. Sensa ya 2022 ilihesabu Dar es Salaam watu 5,383,728, na mji wa ukubwa huo hauwezi kukaa kwenye nyumba za vyumba sita za chini. Kariakoo karibu yote imepanda juu, baraza zimekuwa fremu za maduka. Magomeni kwenyewe, kaya 644 za Magomeni Kota ziliondolewa, kota zikabomolewa, na maghorofa yaliyojengwa mahali pake yakazinduliwa Machi 2022. Ukipita usiku taa zimewaka madirisha yote, ni kuzuri, na hakuna taa inayofifia kwa ajili ya ndoo ya jirani.

Ila hebu hesabu. Kwenye korido tulichangia mita, bomba, choo, jiko, kamba na ukuta. Kwenye ghorofa watu wanachangia lifti, ngazi, pampu, tenki la juu, bomba la maji machafu, paa, maegesho, taka, mlinzi, jenereta na zege lenyewe lililowabeba. Tumeongeza vitu vya pamoja, tukavificha ukutani, kisha tukajiambia kwamba kila mtu sasa anajitegemea. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inajua hilo, ndiyo maana inawataka wenye sehemu wawe na umoja wao wa kusimamia vya pamoja. Nimehudhuria mikutano ya namna hiyo. Ya kwanza walikuja watu wengi na soda zilitolewa. Ya pili tulikuwa watano. Ya tatu mwenyekiti alituma picha ya ajenda.

Ninapokaa sasa pampu iliharibika mwaka juzi. Mtu aliandika kwenye kundi la simu: "Majirani, maji." Tiki mbili za bluu. Mwingine akaandika kwamba yeye wa chini hahitaji pampu, maji yanafika yenyewe, asihesabiwe. Wa juu akamjibu maneno ambayo kwenye korido yangegharimu kanga tatu. Wa chini akaondoka kwenye kundi. Kwa siku tisa watu wenye magari walipanda ngazi na madumu, wakipishana wima kabisa, simu sikioni, salamu hakuna. Mwishowe aliyelipa fundi ni mmoja aliyechoka, hakudai, na tangu siku hiyo hasemi na mtu. Hatukugombana. Ingekuwa heri tungegombana, maana wa chini alikuwa na hoja, wa juu naye alikuwa na hoja, na bibi mwenye kaunta buku angeimaliza kwa nusu hisa. Jengo lile halina mahali ambapo watu kumi wanaweza kukaa chini wakatazamana. Nimelizunguka lote. Kuna chumba cha jenereta, kuna kibanda cha mlinzi, kuna maegesho. Mchoraji alifikiria kila gari litakapolala.

Wanaojenga wakiniuliza, ningeanza na hapo tu: waturudishie uani, hata kama ni juu ya paa, penye bomba la kufulia na mkeka, na mtu anayekaa humo humo mwenye kutunza buku na anayelipwa kwa kazi hiyo. Na safari hii buku liwe na ukurasa wa chumba cha pili.

Mama yangu alifariki 2019. Tulimtoa kutoka nyumba ya dada yangu, Mbagala. Jeneza lilipofika mlangoni tukakuta njia imefungwa: bibi mmoja mfupi amekaa kizingitini, miguu kainyoosha, kanga kajifunga kama mtu anayekwenda kulima. Nilimtambua kwa sauti. Akasema hatoki Mzaramo hapa mpaka deni la umeme lilipwe. Wazee wakaanza kucheka huku wanafuta macho, wanajua mtani ana haki yake. Dada akanitazama. Yeye ndiye aliyekuwa akiichomoa ile hita kila usiku baba akitaka kuoga kabla ya kwenda zamu, akaifutia kitambaa na kuirudisha chini ya kitanda, nyuma ya masanduku. Nilitoa elfu kumi. Yule bibi akaishika, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga, akauliza riba ya miaka thelathini na mitano iko wapi.